Kisahani cha majivu cha mwaka 1959 na mlango wa mjomba

Najua nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, na kuna walioanza kunizushia kwamba nimekamatwa na supu nikaamua kurudi nyumbani kimyakimya. Hapana bwana, nipo. Nilikuwa karakana nikila vumbi la mbao. Ukinikuta kafeteria hata sasa hivi utadhani nimetoka mashineni kusaga unga.

Kwa wale wasiojua, mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni wa mashine ya CNC, ile ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta. Wenzangu wengi wanaitumia kukata vipande vya vyuma na gia. Mimi nimejipa kazi ya kutia nakshi kwenye uso wa mbao: mawimbi, magamba, vidimbwi, chochote ambacho mkono ukipita juu yake unasita kidogo. Dokta anayenisimamia akasema sura ya pili ya ripoti lazima iwe na historia, na anataka ukurasa mmoja tu. Nikaingia maktaba, nikaenda Unguja kwa mjomba, nikarudi na mambo ambayo hayaenei kwenye ukurasa mmoja. Yaliyobaki nawamwagieni ninyi. Kaeni mkao wa kula.

Nianze na jambo lililonishangaza. Nilidhani kompyuta ndiyo iliyoleta wazo la mashine kutengeneza mapambo. Kumbe wapi! Mashine za mapambo zilitangulia kompyuta kwa karne kadhaa. Peter Mkuu, yule mfalme wa Urusi aliyefariki mwaka 1725, alikuwa mpenzi mkubwa wa kukereza. Alikuwa na fundi wake, Andrey Nartov, aliyemtengenezea mashine za kerezo zilizoweza kunakili umbo kutoka kwenye kielelezo. London nako, John Jacob Holtzapffel aliuza kerezo yake ya kwanza mwaka 1795, na kampuni ya ukoo wake ikajulikana kwa kerezo za mapambo, ambazo matajiri walinunua ili wajifurahishe nyumbani kwa kuchora maua na mistari inayopishana kwenye pembe za ndovu na mbao ngumu.

Siri ya mashine za namna hiyo ilikuwa gurudumu lenye mawimbi pembeni, kama ua. Kitu kinachokerezwa kinazunguka, gurudumu linakisukuma mbele na nyuma, patasi inaacha alama ya lile ua. Ukitaka ua jingine unabadilisha gurudumu. Ukifikiri vizuri, lile gurudumu ndiyo programu yenyewe, ila imeandikwa kwa chuma.

Halafu mwaka 1804, kule Lyon, Ufaransa, Joseph-Marie Jacquard akatoa kitanda cha kufumia kinachosoma kadi za matundu. Penye tundu, uzi unanyanyuka. Pasipo na tundu, uzi unabaki. Mwaka 1839 picha yake mwenyewe ilifumwa kwa hariri kwa kutumia kadi kama 24,000, na Charles Babbage, yule tunayefundishwa kwamba ni babu wa kompyuta, alikuwa nayo moja nyumbani. Kwa hiyo washkaji wa Sayansi ya Kompyuta mnaotucheka sisi wa karakana, mjue ukoo wenu unaanzia kwenye maua ya kitambaa.

Kwa upande wa mbao, Mmarekani Thomas Blanchard alitengeneza mnamo 1819 mashine iliyonakili vitako vya bunduki kutoka kwenye kielelezo kimoja. Na Bunge la Uingereza lilipokuwa linajengwa upya baada ya moto wa mwaka 1834, kazi ilikuwa nyingi mno kiasi kwamba ikatumika mashine ya kuchonga mbao ya Thomas Brown Jordan, iliyopata hataza mwaka 1845. Mashine hiyo ilikuwa inaondoa mbao nyingi kwa haraka, kisha mafundi wa mikono wanamalizia kwa patasi. Shikeni hilo la kumalizia, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye CNC yenyewe. Hapa mapambo hayamo kabisa. Ni habari ya helikopta.

Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa John T. Parsons, mji wa Traverse City, jimbo la Michigan, Marekani. Hakuwa na digrii. (Nawasikia mnaguna.) Kampuni ya familia yake ilikuwa inatengeneza mapanga ya helikopta miaka ya 1940. Panga la helikopta lina umbo la bawa, na kielelezo cha kupimia umbo hilo kilihitaji kuwa sahihi sana. Parsons akishirikiana na mhandisi Frank Stulen wakatumia mashine za IBM za kadi za matundu kukokotoa pointi 200 za mzingo wa lile bawa. Kisha wakaziweka pointi zile mezani kwa mafundi. Mmoja anasoma namba kwa sauti, mwingine anazungusha gurudumu la mkono kwa upande mmoja, mwingine kwa upande wa pili, biti inashuka. Pointi inayofuata. Wanasoma tena, wanazungusha tena. Fikiria kuimba namba kutwa nzima!

Parsons akawaza: kama namba zinatoka kwenye mashine ya kadi, kwa nini zisiingie moja kwa moja kwenye mashine ya kukata? Mwaka 1949 jeshi la anga la Marekani likampa mkataba, naye akaenda chuo cha MIT kutafuta wataalamu wa mitambo ya kujiongoza. Wale jamaa wa MIT waliupokea mradi kwa mikono miwili, wakaupanua, na baadaye wakaendelea moja kwa moja na jeshi huku Parsons akiachwa pembeni. Septemba 1952 wakaonyesha hadharani mashine kubwa ya Cincinnati iliyofungwa makabati ya taa za vakyumu, ikisoma utepe wa karatasi wenye matundu na kuendesha pande tatu kwa wakati mmoja. Parsons alikuwa na hataza yake, iliyotolewa Januari 1958, na mwaka 1985 yeye na Stulen wakapewa nishani ya taifa ya teknolojia. Alifariki mwaka 2007. Haki ilichelewa, lakini ilifika akiwa hai.

Tatizo lililobaki lilikuwa kuandika ule utepe. Kukokotoa pointi za kitu kimoja kulichukua muda mrefu kuliko kukikata. Ndipo Douglas Ross na wenzake pale MIT wakatunga lugha ya kompyuta iliyoitwa APT, ambayo mtu anaandika maneno karibu na Kiingereza cha kawaida akieleza umbo, kompyuta inatoa namba. Februari 1959 wakaita waandishi wa habari. Mnajua waliwapa zawadi gani? Kisahani cha majivu ya sigara! Kisahani cha alumini kilichochongwa na mashine ile.

Mimi hapo nilicheka peke yangu maktaba hadi nikaangaliwa vibaya. Miaka kumi ya kazi, fedha za jeshi, ndege za vita, na walipotaka watu wa kawaida waelewe kitu chenyewe, wakatengeneza kijipambo cha mezani. Ndiyo maana huwa sijali mtu akiniambia mradi wangu ni wa urembo.

Lakini kuna kipande kingine cha historia ambacho hakikunichekesha. Mwanahistoria David Noble aliandika kitabu mwaka 1984, Forces of Production, kuhusu mashine hizihizi. Anasema kulikuwa na njia nyingine. Kampuni ya General Electric, miaka ya 1940 baada ya vita, ilijaribu mfumo wa kurekodi: fundi mzoefu anakata kipande cha kwanza kwa mikono yake, mashine inarekodi mwendo wake kwenye utepe, kisha inarudia. Kwa njia hiyo maarifa yanabaki kwa fundi na programu inatoka mikononi mwake. Kwa mujibu wa Noble, mfumo ule haukushindwa kwa sababu ulikuwa mbovu. Wenye viwanda na jeshi walipendelea njia ya namba kwa kuwa iliyatoa maamuzi karakana na kuyapeleka ofisini. Wapo wanaompinga, wakisema maumbo ya ndege yalikuwa magumu mno kwa mkono wa mtu, kwa hiyo kurekodi kusingefaa. Mimi nilisoma nikafunga kitabu. Wiki iliyofuata nikapanda boti kwenda Unguja.

Mjomba wangu ni mchonga milango. Ile milango ya Mji Mkongwe mnayopigia picha mkienda kutembea, yenye minyororo na samaki na mayungiyungi na maua ya waridi kwenye miimo, ndiyo kazi yake. Hakuichonga ile ya zamani, bila shaka. Anachonga mipya ya hoteli na nyumba za watu, na kurekebisha ya zamani iliyooza chini. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na kwa muda mrefu tukadhani wachongaji wamepata ajira ya maisha.

Nikafika, "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba." (Kwetu mjomba na mpwa wote wanaitana mjomba, wageni huwa wanachanganyikiwa.) Nikamweleza nachosoma. Akaendelea kunoa bobari yake kama hajasikia. Halafu akaniuliza taratibu: "Hicho unachosomea ndicho kilichokula kazi yangu ya mwaka jana?"

Ikawa hivi. Alikuwa na ahadi ya milango 12. Mteja akaenda bara, akapata mtu mwenye mashine akamchongea kwa bei ambayo mjomba asingeweza hata kununulia mbao. Mjomba hakulalamika sana, alisema tu kwamba alikuwa ameshawaambia vijana wake wawili wasitafute kibarua kingine.

Nilikosa la kujibu jamani. Nikatoa laptopu nikamwonyesha majaribio yangu, angalau tuzungumze kitu kingine.

Hapa niwaeleze kidogo majaribio yenyewe. Biti yenye ncha ya mviringo ikipita mbao mistari mingi sambamba, inaacha matuta katikati ya mstari na mstari, kama shamba la viazi. Biti yangu ina kipenyo cha milimita 6. Nikisogeza mstari kwa nusu milimita, tuta linakuwa na kimo cha mia moja tu ya milimita, msasa kidogo unaliondoa. Nikisogeza kwa milimita 3, tuta linafika karibu milimita 0.4, na hapo jicho linaliona na kidole kinalihisi. Vitabu vyetu vinafundisha jinsi ya kuyaondoa matuta. Mimi nikaanza kuyataka. Nikayapindisha yawe mawimbi, nikayakatisha kwa mistari ya upande wa pili yakawa magamba ya samaki. Kwa jaribio jingine nikaiambia kompyuta ichague mahali na kina kwa bahati nasibu, ukatoka uso kama sufuria iliyofuliwa kwa nyundo.

Halafu nikajaribu biti yenye ncha kali ya pembe tatu, ya nyuzi 90. Hii ina tabia nzuri: ikishuka milimita 1, mfereji unakuwa na upana wa milimita 2. Ikishuka 3, upana 6. Kwa hiyo ukishusha na kupandisha biti huku inatembea, mstari unanenepa na kukonda wenyewe, kama herufi za Kiarabu zilizoandikwa kwa kalamu ya mwanzi. Hapo mjomba akaweka bobari chini. Akasema, "Huo ni mkono wa patasi." Ndiyo! Akiegemea patasi mstari unapanuka, akiachia unakuwa mwembamba. Kitu kimoja.

Nikampa kipande cha mninga nilichochonga waridi la petali sita. Akalipitisha dole gumba mara moja tu, akasimama kwenye petali mbili. "Hapa umeng'oa, hukukata." Nikaangalia kwa karibu, kweli, kingo zilikuwa zimechanika. Mimi nilikuwa nimelaumu biti butu. Akanieleza kwamba mbao ina nyuzi, na ukipanda mteremko kinyume na nyuzi, patasi inanyofoa. Yeye kila petali anaizungukia: nusu anachonga akitokea huku, nusu akitokea kule, siku zote anashuka na nyuzi. Mashine yangu ilikuwa inachonga petali zote sita kwa mwelekeo mmoja kwa sababu ndivyo programu ilivyopanga, na programu haijui mbao imelala vipi. Haioni. Inahesabu tu hatua za mota. (Ndiyo maana umeme ulipokatika katikati ya kazi mwezi uliopita, ulivyorudi mashine ilikuwa imesahau iko wapi, ikaanza waridi jipya juu ya waridi la zamani. Ubao mzima ukafa.)

Nikakaa kwake siku tisa. Asubuhi anachonga, mimi naandika: anaanza wapi, anageuza ubao lini, mkono unakwenda upande gani, anaacha kina gani katikati ya petali. Usiku naingiza kwenye kompyuta. Nilipokuwa naandika siku ya nne ndipo nikamkumbuka Noble. Nilikuwa nafanya ule mfumo wa kurekodi wa General Electric, kwa daftari na kalamu ya Bic!

Nimerudi chuoni, nimechonga waridi la mjomba kwa njia yake, kila nusu ya petali ikishuka na nyuzi. Limechukua dakika 40 badala ya 25. Limetoka safi, halijachanika hata sehemu moja. Dokta amefurahi, ameniambia hiyo sasa ni matokeo ya utafiti.

Mngedhani hadithi imeisha vizuri. Juzi akaja karakana mfanyabiashara mmoja wa samani, akaona kile kipande. Akaniuliza kama ninaweza kumuuzia faili. Siyo ubao. Faili. Akataja kiasi ambacho, wacha niseme tu, ni zaidi ya bumu la muhula mzima. Flashi ilikuwa mfukoni mwangu.

Nikamwambia ngoja nimpigie mwenyewe simu. Akashangaa, "Mwenyewe nani? Si wewe umeliandika?"

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja: "Hilo faili linatoa milango mingapi?" Nikamwambia hata elfu moja, halichakai. Akanyamaza, nikasikia nyundo za vijana wake kwa nyuma. Akasema, "Basi bei yake haiwezi kuwa ya mlango mmoja."

Tukakubaliana hivi, na nimeshamwandikia yule bwana: faili haliuzwi. Tunaweza kumchongea mbao hapa, na kila mlango utakaotoka kwa mchoro ule mjomba analipwa sehemu yake. Mashine inaondoa mbao nyingi, kisha miimo inavuka bahari kwenda Unguja, vijana wa mjomba wanamalizia kwa patasi, kama lile Bunge la Uingereza. Itakuwa ghali kuliko ya mashine tupu na nafuu kuliko ya mkono mtupu. Bado hajajibu. Inawezekana hatajibu, maana kuna wenye mashine ambao watamchongea waridi lolote alilopiga picha kwa simu, na petali zikichanika watasugua msasa.

Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nilipokuwa Unguja nilipita pale na mjomba. Nikamuuliza, majengo kama haya yakitengenezwa, nani atachonga? Akasema wapo bado, ila wahesabu kwa vidole. Ndiyo maana nadhani ile njia ya General Electric ilistahili nafasi yake, hata kama haikufaa kwa ndege. Kurekodi mkono wa fundi ni jambo jema ikiwa fundi mwenyewe anabaki kwenye hesabu. Akiondolewa, tumeiba tu kwa ustaarabu. Na mimi nilikuwa na flashi mfukoni kwa dakika kama tano hivi nikifikiria bumu, siwezi kujifanya mtakatifu.

Ripoti naikabidhi mwisho wa mwezi. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika jina la mjomba kama mwenye mchoro, Dokta akauliza kama ni mtafiti mwenzangu. Nikamjibu ndiyo.

Haya, mtu akinitafuta nipo karakana, leteni chapati. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.